THEMISTOCLES WA ATHENS: JINA LILILOANDIKWA KWENYE VIGAE

Kabla sijafika mbali, nina jambo la kuungama kwa niaba ya chama chetu. Tulipomchagua mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili mwanzoni mwa mwaka, mimi nilikuwa miongoni mwa waliohesabu kura. Tulipozikunjua zile karatasi tukaona kioja: karatasi saba zilikuwa na mwandiko mmoja. Herufi zilezile zilizolalia kushoto, jina lilelile, hata kosa la tahajia lilelile! Zogo likazuka. Wengine walitaka kura irudiwe papo hapo, wengine wakasema saba ni ngapi bwana, hazibadilishi kitu.

Mlezi wetu hakugomba. Alicheka kidogo, kisha akatuambia kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1937, wachimbaji wa mambo ya kale huko Athens, Ugiriki, walikuta ndani ya kisima kimoja vigae 190 hivi vilivyokwaruzwa jina la mtu mmoja. Walipoichunguza miandiko, wakagundua kuwa ni ya watu 14 tu. Vigae vile vilikuwa ndizo karatasi za kura za wakati huo. Na aliyeandikwa jina hakuwa anachaguliwa, la hasha! Alikuwa anafukuzwa nchini. Jina lenyewe lilikuwa Themistocles.

Kura yetu tuliirudia na mshindi akawa yuleyule, kwa hiyo hayo yamekwisha. Lakini lile jina lilinikaa kichwani. Nilimwendea mlezi, akaniazima vitabu viwili vya historia, na likizo yote ya Aprili nikawa na huyo Themistocles wangu. Wacha niwasimulie niliyoyapata.

Alizaliwa mnamo mwaka 524 Kabla ya Kristo. (Miaka yote nitakayoitaja tangu hapa ni ya Kabla ya Kristo, nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, msije mkadhani sijui hesabu.) Baba yake, Neocles, hakuwa mtu wa ukoo mkubwa, na mama yake, kama wanavyosimulia, hakuwa hata mzaliwa wa Athens. Vijana wa mama wageni walikuwa na uwanja wao wa mazoezi nje ya lango la mji, mahali palipoitwa Cynosarges. Watoto wa wakubwa hawakukanyaga huko. Plutarch, mwandishi aliyeishi zaidi ya miaka 500 baadaye, anasema kwamba Themistocles aliwashawishi wale watoto wa wakubwa mmoja mmoja mpaka wakaja kufanya mazoezi naye hukohuko nje. Hakuomba kuingizwa ndani, aliwatoa wao. Hapo nikaanza kumpenda.

Hakujua kupiga kinubi wala kuimba, mambo ambayo kijana wa Athens alitakiwa kuyajua. Wakati wenzake wakicheza, yeye alikuwa akitunga hotuba, za kumtetea huyu na kumshtaki yule. Mwalimu wake alibashiri kwamba mtoto huyu hatakuwa mtu mdogo: atakuwa mkubwa wa wema au mkubwa wa ubaya.

Kuna kisa kimoja ambacho Plutarch anakitaja haraka haraka lakini mimi nilikisoma mara tatu. Inasemekana baba yake hakutaka aingie katika siasa. Basi akampeleka ufuoni, akamwonyesha merikebu za zamani za kivita zilizotelekezwa mchangani, mbao zimeoza, hakuna anayezijali. Akamwambia kuwa hivyo ndivyo watu wanavyowafanyia viongozi wao wakishamaliza kuwatumia. Kijana alisikia, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 493 alichaguliwa arkoni, yaani mkuu wa serikali kwa mwaka mmoja. Wakati huo watu wa Athens walikuwa wakiziburura merikebu zao kwenye ufuo wa wazi wa Phaleron. Themistocles aliwaonyesha kwamba pale karibu, huko Piraeus, kulikuwa na bandari tatu za asili zilizokingwa na mawimbi, akaanza kuzijengea ngome. Sisi tunaona ni jambo la kawaida tu, lakini kwa watu waliozoea kupigana nchi kavu na mikuki, ilikuwa kama kuwaambia wageuze nyumba mlango uelekee upande mwingine.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 490, jeshi la Darius, mfalme wa Waajemi, lilitua Marathon likapigwa vibaya. Athens yote ikashangilia. Jemadari Miltiades akawa ndiye wimbo wa mji. Themistocles peke yake, wanasema, alikosa usingizi na akaacha kwenda karamuni. Kwanza ni wivu, hilo hakulificha, lakini pia aliona kuwa Marathon haikuwa mwisho wa vita bali mwanzo.

Sasa njooni kwenye fedha. Mwaka 483 machimbo ya Laurium, kusini mwa Athens, yalitoa fedha kwa wingi usio wa kawaida. Pendekezo likaletwa kwamba igawiwe wananchi, drakma kumi kila mtu. Hebu fikiria wewe msomaji: umekaa mkutanoni, pesa ziko mezani, mkono umeshaunyoosha, kisha anasimama mtu na kusema usipewe. Themistocles alisimama. Alitaka pesa hizo zijengewe merikebu. Na hakuwatisha kwa Waajemi, kwa kuwa Waajemi walikuwa mbali na watu walikuwa wamechoka kuwasikia. Aliwataja watu wa Aegina, kisiwa jirani kilichokuwa kikiwasumbua na ambacho kila mtu alikichukia. Watu wakakubali. Wakazikosa drakma zao wakapata merikebu, na kufikia mwaka 480 Athens ilikuwa nazo 200 hivi.

Je, aliwadanganya? Mimi nasema aliwaambia ukweli mdogo ili kuuficha ukweli mkubwa. Wenzangu katika chama tulibishana juu ya hilo hadi kengele ya chakula ikalia, na wengine wakakosa maharagwe.

Merikebu hizo zilikuwa na safu tatu za makasia kila upande, na wapiga makasia 170. Omo lake lilikuwa na mdomo wa shaba wa kutoboa merikebu ya adui. Pigeni hesabu wenyewe: merikebu 200 zinataka wapiga makasia 34,000. Watatoka wapi? Walitoka kwa maskini wa mji, watu wasio na pesa za kununua ngao wala dereya, ambao vitani walikuwa hawahesabiwi. Kuanzia hapo usalama wa Athens ukawa mikononi mwao, na mtu aliyeiokoa nchi huwezi kumnyamazisha mkutanoni. Matajiri hawakulisahau hilo.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Aristides, ambaye watu walimwita Mwadilifu. Mwaka 482 Aristides alifukuzwa kwa vigae. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: mara moja kwa mwaka wananchi waliulizwa kama wanataka kumwondoa mtu. Wakikubali, kila mmoja alikwaruza jina la amtakaye aondoke juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Vigae vikifika 6,000, mwenye jina lililoandikwa zaidi aliondoka kwa miaka kumi. Hakushtakiwa, hakujitetea, mali yake haikuguswa. Aliondoka tu. Inasimuliwa kwamba siku ya kura hiyo mtu wa shamba asiyejua kuandika alimpa Aristides mwenyewe kigae, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Aristides akamuuliza amemkosea nini. Yule akajibu hamjui hata sura, ila amechoka kusikia kila mahali anaitwa mwadilifu. Aristides akaandika jina lake, akamrudishia kigae. Shikeni kisa hicho, kwani mkuki kwa nguruwe haukawii kugeuka.

Mwaka 480 Xerxes, mwana wa Darius, alivuka kutoka Asia kwa madaraja ya mashua zilizofungwa pamoja, na jeshi ambalo Ugiriki haikuwahi kuliona. Watu wa Athens walituma wajumbe Delphi kwa kuhani wa kike wa mungu wao Apollo. Jibu lilikuwa la kutisha, ila lilitaja kwamba ukuta wa mbao ndio utakaosalimika. Wazee wakasema ni uzio wa kale wa mbao kule mlimani Acropolis. Themistocles akasema ukuta wa mbao ni merikebu. Akashinda hoja, na mji mzima ukahamishwa. Wanawake na watoto walivushwa hadi Troezen, Aegina na kisiwa cha Salamis. Wazee wengine waliachwa nyuma, na mbwa walikimbia ufuoni wakibweka. Mbwa wa Xanthippus, baba yake Pericles, alijitosa majini akaogelea kando ya merikebu ya bwana wake hadi Salamis, na alipofika tu akafa. Sijui kwa nini katika vita vyote vile ni huyu mbwa ndiye aliyenitoa machozi.

Huko Thermopylae, Leonidas na Wasparta wake 300 walikufa wakiuzuia mlango wa milima. Athens ikachomwa moto. Merikebu za Wagiriki zilikusanyika Salamis, na makamanda wakaanza kugombana. Wengi walitaka kukimbilia kusini kuulinda Mshipi wa Corinth. Themistocles aling'ang'ania wapigane palepale kwenye mlangobahari mwembamba, ambamo wingi wa adui ungekuwa mzigo kwake. Mkuu wa wote alikuwa Eurybiades wa Sparta. Mabishano yalipopamba moto, Eurybiades aliinua fimbo ampige, na Themistocles akamjibu kwa utulivu kwamba apige akitaka, mradi amsikilize. Mkorintho Adeimantus naye akamkebehi kuwa ni mtu asiye na mji. Akajibiwa kwamba mji wa Athens upo, nao ni merikebu 200 zenye watu ndani, na wakiondoka hawa basi watahamia Italia na kuwaacha wengine wajitafutie.

Hata hivyo usiku makamanda wakaanza tena kunong'ona habari za kukimbia. Hapo Themistocles akafanya jambo ambalo mpaka leo linazua mjadala. Alimtuma Sicinnus, mtumwa aliyekuwa mlezi wa watoto wake, aende kwa Waajemi kisiri awaambie kuwa bwana wake yuko upande wa mfalme, na kwamba Wagiriki wanajiandaa kutoroka, basi wawazibie njia upesi. Waajemi wakaamini. Wakapiga makasia usiku kucha wakaziba milango yote miwili. Aristides, ambaye alikuwa ameitwa kutoka uhamishoni pamoja na wengine, ndiye aliyepenya akaleta habari kuwa wamezingirwa. Wale wawili wasiopatana wakasimama gizani wakasemezana kama ndugu. Hapakuwa tena na wa kukimbia.

Kulipokucha, Xerxes aliketi mlimani kwenye kiti chake cha enzi ayatazame. Alichokiona ni merikebu zake, zikiwa na watu waliokesha, zikibanana kwenye njia nyembamba, za nyuma zikizigonga za mbele, na Wagiriki wakizitoboa ubavuni moja baada ya nyingine. Kaka wa mfalme mmoja aliuawa. Wengi wa Waajemi hawakujua kuogelea. Kufikia jioni Ugiriki ilikuwa imeokoka, ingawa jeshi la nchi kavu lilimalizwa mwaka uliofuata kule Plataea.

Baada ya Salamis alimtumia Xerxes ujumbe mwingine: kwamba yeye ndiye aliyewazuia Wagiriki wasiende kuyavunja madaraja yake. Herodotus anasema alifanya hivyo kujiwekea akiba kwa mfalme, iwapo siku moja watu wa Athens watamgeuka. Loo! Mtu yuko kwenye kilele cha ushindi na tayari anatafuta mlango wa nyuma. Labda zile merikebu za ufuoni hazikumtoka akilini.

Makamanda walikutana kupiga kura wajue nani alistahili tuzo ya kwanza na ya pili. Kila mmoja alijipigia mwenyewe kura ya kwanza, na karibu wote wakampa Themistocles ya pili! Tuzo haikutolewa. Wasparta walimpa taji la mzeituni na gari zuri kuliko yote mjini mwao, na vijana 300 wa kumsindikiza hadi mpakani.

Nao hao Wasparta ndio aliowazungusha muda si mrefu. Athens ilipoanza kuujenga upya ukuta wake, Sparta ikasema haufai. Themistocles akajitolea kwenda Sparta kujadiliana, akaacha maagizo kuwa wajumbe wenzake wasimfuate mpaka ukuta ufike kimo cha kutosha. Kila akiulizwa kwa nini haendi barazani, alisema anawangojea wenzake. Kule nyumbani wanaume, wanawake na watoto walikuwa wakijenga usiku na mchana, kwa lolote lililopatikana, hata mawe ya makaburi. Mawe hayo yameonekana kwenye mabaki ya ukuta huo. Fununu zilipofika Sparta, aliwaambia watume watu wakajionee, na papo hapo akawatumia watu wa Athens siri kwamba wawashikilie wageni hao hadi yeye arudi salama. Ukuta ulipofika kimo, akawaambia Wasparta ukweli. Hawakuonyesha hasira, lakini waliiweka rohoni.

Mgala muue na haki yake mpe, lakini na kosa lake pia mwambie. Themistocles alipenda pesa. Visiwa vilivyokuwa vimewasaidia Waajemi alivitoza fedha kwa vitisho, na zingine inasemekana ziliishia kwake. Tena alijisifu. Alijenga hekalu la mungu wa kike Artemis karibu na nyumba yake, akalipa jina la mshauri bora, na kila mtu alielewa huyo mshauri bora ni nani. Watu wakachoka kuyasikia mema yake, kama yule mtu wa shamba alivyochoka na Aristides. Mnamo mwaka 471 vigae vikakusanywa, na jina lililoandikwa zaidi likawa lake.

Alikwenda kuishi Argos. Huko zikamfikia tuhuma, Sparta ikiwa mbele, kwamba alikula njama na Waajemi pamoja na Pausanias, jemadari wa Sparta. Watu wakatumwa kumkamata. Alikimbilia kisiwa cha Corcyra, na kutoka huko akavuka kwa Admetus, mfalme wa Wamolossi, ambaye zamani alimnyima ombi. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mfalme hakuwapo, ila mkewe alimfundisha la kufanya: amchukue mtoto wao mikononi akaketi mekoni, ombi ambalo kwa watu wale halikuweza kukataliwa. Mfalme aliporudi alimkuta jemadari wa Salamis amekaa karibu na majivu, amepakata mtoto. Hakumtoa.

Hatimaye akafika Asia, kwa Artaxerxes, mwana wa Xerxes, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika ufalme. Na hapa, wanachama wenzangu, ndipo nilipoona kisa hiki kinatuhusu sisi wa chama cha lugha. Plutarch anasimulia kwamba alipoulizwa ana maoni gani juu ya Ugiriki, Themistocles alijibu kuwa maneno ya mtu ni kama zulia lililotariziwa: likikunjuliwa nakshi huonekana, likikunjwa hufichika na kuharibika, na anayesema kwa mkalimani zulia lake limekunjwa. Akaomba muda wa mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kama 60. Mwaka ule akajifunza Kiajemi na desturi za nchi, kisha akaingia akazungumza na mfalme ana kwa ana. Sisi tulio na miaka 17 tunalalamika kuwa ngeli ni ngumu!

Mfalme alifurahi. Kwa kuwa ilikuwa imetangazwa zawadi ya talanta 200 kwa atakayemleta Themistocles, alimwambia kwamba amejileta mwenyewe, basi zawadi ni yake. Akampa miji mitatu: Magnesia kwa mkate wake, Lampsacus kwa divai, na Myus kwa kitoweo. Magnesia peke yake ilimletea talanta 50 kwa mwaka. Alitawala huko, akafua na sarafu zenye jina lake.

Mnamo mwaka 459 akafariki huko Magnesia. Thucydides, mwanahistoria wa Athens, anasema ni ugonjwa. Lakini anaitaja pia habari iliyokuwa ikisemwa na watu, kwamba alikunywa sumu kwa sababu aliona hawezi kuitimiza ahadi aliyompa mfalme, ya kumtiishia Ugiriki. Katika chama tulipiga kura juu ya habari hiyo, safari hii kwa kuinua mikono ili asiwepo wa kuandikiwa. Waliosema alikuwa msaliti walikuwa 19, waliokataa 16. Mimi nilikuwa katika wale 16. Sikatai kwamba aliahidi. Nasema tu kwamba merikebu za Athens hazikutobolewa na mkono wake.

Sheria haikuruhusu mtu aliyehukumiwa kwa uhaini azikwe katika ardhi ya Athens. Jamaa zake walisema kwamba mifupa yake ililetwa nyumbani kama alivyoagiza, ikazikwa kwa siri bila mji kujua. Magnesia walikuwa na mnara wake sokoni. Lakini watu wa baadaye waliofika Piraeus walionyeshwa kaburi jingine, kando ya bandari kubwa, mahali ambapo merikebu zinapita zikiingia na kutoka.